Nani Anaitikia? Ngoma, Dansi na Muziki Mchanganyiko katika Ukanda wa Handeni na Korogwe

Ikisiri

Muziki unaochanganya ngoma za jadi, dansi na mapigo ya kigeni kwa kawaida huhakikiwa kwa kuuliza ni sehemu gani iliyo ya asili na ni ipi iliyokuja. Makala hii inadai kwamba swali hilo halitoshi kwa ukanda wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ambako uchanganyaji una umri wa zaidi ya karne moja na uligusa lugha sawa na ulivyogusa ala. Kwa kutumia ushahidi wa toni ya Kizigua, historia ya dansi ya Tanga na mifano ya wanamuziki wa karibuni, makala inapendekeza kipimo kingine, yaani nafasi ya mwitikiaji. Inahitimisha kwamba mchanganyiko huwa hai pale ambapo walio wenye lugha ya wimbo bado wanaweza kuujibu, na hugeuka kuwa pambo pale ambapo wamebaki kuwa jina tu.

1.0 Utangulizi

Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Rais Julius Nyerere alilinganisha dansi za kigeni ambazo Watanganyika wengi walikuwa wamejifunza, kama vile rumba na chachacha, na ngoma kama gombe sugu na lelemama ambazo wengi wao hawakuweza kuzicheza wala hawajapata kuzisikia. Ulinganishi huo ulikuwa na kazi yake ya kisiasa: taifa lililokuwa na umri wa mwaka mmoja lilihitaji kujitambua. Lakini umeendelea kutumika katika uhakiki hata baada ya kazi hiyo kwisha. Mwanamuziki anapounganisha marimba na gitaa la umeme, au ngoma ya kijijini na saksafoni, mhakiki huanza mara moja kugawa: hiki ni chetu, kile ni chao. Kisha husifu au hulaumu kwa kadiri ya ukubwa wa fungu la kwanza.

Mgawanyo huo una kasoro ndani yake. Lelemama iliyotajwa katika hotuba ile haikuwa imekaa mahali pamoja ikingoja kuhifadhiwa. Strobel (1979) ameonesha kwamba wanawake wa Mombasa waliocheza lelemama walipokea mambo mengi ya beni, ngoma ya mashindano ambayo nayo iliiga gwaride na bendi za kijeshi za Wazungu. Kilichoitwa asili, basi, kilikuwa kimekwisha kuchanganywa kabla ya kuitwa hivyo.

Ukanda wa Handeni na Korogwe unafaa kwa kulichunguza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni ukanda wa lugha zinazokaribiana sana, yaani Kizigua, Kisambaa, Kibondei na Kingulu, ambazo zimeishi ubavuni mwa Kiswahili kwa muda mrefu. Pili, wilaya hizi mbili zinapakana, lakini zilikutana na ulimwengu wa nje kwa njia zisizofanana. Tofauti hiyo inamsaidia mhakiki kuona kinachobaki na kinachopotea pale muziki unapochanganyika.

2.0 Reli, Mkonge na Makutano

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika pwani hiyo, na baada ya muda mashamba yakasambaa kandokando ya reli na bonde la mto Pangani. Mkonge ulihitaji watu wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kuajiriwa. Manamba waliletwa kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuajiri, SILABU, ili kurahisisha kazi hiyo. Korogwe ikawa mahali ambapo watu wa makabila ya magharibi na kusini mwa nchi walilala kambi moja na kufanya kazi kwa kengele moja, kila kundi likiwa limekuja na ngoma zake.

Handeni ilikuwa na hali nyingine. Reli haikufika huko. Giblin (1992) anaeleza jinsi utawala wa kikoloni ulivyowapunguzia wakulima wa Uzigua uwezo wa kuyamudu mazingira yao, hata ukame, mbung'o na njaa vikawa tishio la kudumu. Barabara inayotoka Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita zipatazo 65 tu, lakini kwa historia ya muziki umbali huo ni mkubwa. Korogwe ilichanganyikana kwa sababu watu walikuja. Handeni ilichanganyikana kwa sababu watu waliondoka wakarudi, na baadaye kwa sababu redio ilifika.

Ranger (1975) ameeleza jinsi beni ilivyosafiri kutoka pwani kwenda bara ikifuata askari, makarani na vibarua. Jambo la kuzingatia hapa ni lugha yake. Beni iliimbwa kwa Kiswahili. Manamba wa Kiha na wa Kimakonde hawakuweza kuimba pamoja kwa Kizigua au kwa Kisambaa, lakini waliweza kuitikia kibwagizo cha Kiswahili. Ala za kigeni huonekana kwa macho, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa ndizo dalili za mchanganyiko. Lugha haionekani, hasa pale ambapo ni lugha ya taifa, na mhakiki anayeandika kwa Kiswahili husahau kwa urahisi kwamba kwa wimbo wa Kizigua, Kiswahili nacho kilikuwa mgeni.

3.0 Toni na Uhuru wa Lahani

Athari ya mgeni huyo inaweza kuoneshwa kiisimu. Kizigua ni lugha ya toni. Kenstowicz na Kisseberth (1990) wamebainisha kwamba mizizi ya vitenzi vya lugha hiyo imegawanyika katika makundi mawili, yaani mizizi isiyo na toni ya juu na mizizi yenye toni ya juu. Kitenzi kudamanya, maana yake 'kufanya', ni cha kundi la kwanza, na silabi zake zote hutamkwa bila kupanda. Kitenzi kulombeza, maana yake 'kuomba', ni cha kundi la pili, na toni yake ya juu husikika katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi kinaporefushwa, toni hiyo husogea pia: katika kulombezeza hutua kwenye -ze- ya mwisho, na katika kulombezezana hutua kwenye -za-. Popote neno linapoishia, toni huifuata silabi ya pili kutoka mwisho.

Kwa mhakiki wa nyimbo, jambo hili lina maana pande mbili. Upande wa kwanza ni wa ukaribu. Mkazo wa Kiswahili nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji aliyelelewa katika Kizigua anapoimba Kiswahili hukuta kilele cha neno mahali alipokizoea. Hahitaji kujifunza upya wapi pa kuinua sauti. Bila shaka hii ni sababu mojawapo inayofanya nyimbo za Kiswahili za ukanda huu zisisikike kama mavazi ya kuazima.

Upande wa pili ni wa hasara. Katika Kiswahili, kufanya na kuomba vina umbo moja la mkazo. Tofauti iliyobebwa na toni haipo tena. Katika lugha ya toni, lahani haiko huru kabisa: ingawa si lazima ifuate kila mpando wa usemi, ikienda kinyume nao mara nyingi maneno huwa magumu kueleweka. Kwa hiyo lahani na maneno huzaliwa pamoja, na mtu anayeijua lugha huweza kulikisia neno kwa kusikia tu mwendo wa sauti. Wimbo ukihamia Kiswahili, kifungo hicho hufunguka. Lahani ya rumba, ya wimbo wa kanisani au ya filamu ya Kihindi inaweza kuvikwa maneno yoyote bila kuyaharibu. Uhuru huu ndio uliowezesha dansi. Lakini pia ndio uliofanya wimbo uweze kutoka Handeni bila kubeba chochote cha Handeni katika mwendo wake wa sauti.

Wazigua wa bonde la mto Juba, nchini Somalia, wanalipa suala hili sura ya ziada. Wahenga wao walivuka bahari katika karne ya kumi na tisa, wengi wakisukumwa na njaa na utumwa, na vizazi vyao vikaendelea kusema Kizigua mbali na eneo ambalo Kiswahili kilikuwa kikienea. Declich (1995) ameonesha jinsi simulizi na mila zao, hasa za wanawake, zilivyobeba kumbukumbu na utambulisho wao kwa karne mbili. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walipokewa Handeni, Mkuyu kwanza na baadaye Chogo. Hivyo wilaya moja ina jamaa wawili wa lugha moja: waliobaki nyumbani wakaingia katika Kiswahili kupitia shule, kazi na dansi, na waliokwenda mbali wakaitunza lugha kwa kukosa njia hiyo. Umbali wa nchi na umbali wa lugha si kitu kimoja.

4.0 Dansi na Sehemu ya Pili ya Wimbo

Ikiwa lugha na toni viliachwa, ni nini kilichoingia katika dansi kutoka ngomani? Jibu la makala hii ni umbo la mwitikio.

Katika selo ya Wazigua na mdumange wa Wasambaa, kama ilivyo katika ngoma nyingi za ukanda huu, sauti ya kiongozi haitoshi kuufanya wimbo uwe wimbo. Manju hutoa kauli, kundi hujibu, na jibu hilo ndilo linalompa nafasi ya kubuni kauli inayofuata. Mwitikiaji si msikilizaji anayepewa ruhusa ya kushiriki. Ni nusu ya utungo. Manju asiyejibiwa hukwama.

Sahani za muziki wa Kikuba zilizosambazwa Afrika katika mfululizo wa GV tangu miaka ya 1930 zilikuwa na umbo la jinsi hiyo hiyo. Son ya Kikuba huanza kwa beti zinazosimulia, kisha huingia sehemu ya pili ambamo mwimbaji mmoja na kundi hupokezana kwa kurudiarudia, na umbo hilo lina asili yake kwa Waafrika waliopelekwa Kuba kama watumwa. Kwa hiyo vijana wa Tanga walioiga sahani hizo hawakukutana na kitu kigeni kabisa. Walikutana na mwitikio uliorudi nyumbani ukiwa umevaa gitaa na tarumbeta. Dansi ya Tanzania ikajenga wimbo wake katika sehemu mbili: beti za polepole zenye kisa na nasaha, halafu chemko, ambapo magitaa, vyombo vya upepo na waimbaji hujibizana.

Neno jazz katika majina ya bendi za wakati huo lisipotoshe maana. Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na Amboni Jazz, zilizostawi Tanga mjini, mwanzo wa reli ile ile, hazikupiga muziki wa New Orleans. Jazz ilikuwa na maana ya bendi ya kisasa: magitaa, tumba, saksafoni, na ukumbi wenye kiingilio. Kutoka Jamhuri Jazz walitokea ndugu wa ukoo wa Kinyonga, ambao mwaka 1970 walihamia Arusha na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako bendi yao ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga na kuunda Les Wanyika. Nyimbo za bendi hizi ziliwavutia Wakenya kwa Kiswahili chepesi chenye adabu na kwa gitaa la rizimu lisilochoka. Hakuna neno ndani yake linalomfunga msikilizaji kwa kabila lolote la Tanga. Kinachosafiri ni lugha ya wote na umbo la kupokezana.

Hapa ndipo dhana ya mtindo inapohitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Askew (2002), aliyefanya utafiti wake Tanga, ameonesha jinsi ngoma, dansi na taarabu zilivyohusiana na ujenzi wa taifa, na jinsi mipaka baina yake ilivyovukwa na wanamuziki wenyewe. Bendi zilijipambanua kwa mitindo, na baadhi ya mitindo ilichukua majina ya ngoma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, hatimaye ilijulikana kwa jina la Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde. Msondo ni ngoma inayohusiana na unyago, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Jina liliingia ukumbini, lakini mafunzo ya mwali hayakuingia, na pengine haikustahili yaingie, kwa kuwa nyimbo za unyago zina wenyewe na zina mahali pake. Kuchukua jina bila kuchukua siri kunaweza kuwa heshima. Kosa huanza pale mhakiki anapolichukulia jina kuwa ushahidi kwamba ngoma imo ndani.

5.0 Jukwaa la Sasa

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, kilifundisha ngoma za makabila mbalimbali kwa ajili ya jukwaa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, liliwapa wanamuziki wa mchanganyiko hadhira kutoka duniani kote. Katika mazingira hayo swali la mwitikiaji limekuwa zito zaidi, kwa sababu hadhira ya tamasha hushangilia, lakini haiwezi kuitikia kwa lugha isiyoijua.

Mfano ulio dhahiri unatoka nje ya Tanga, kwa Wagogo. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alishirikiana na Michael Brook katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002. Mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa Uhamiaji mwaka 2017 akiwa na mtayarishaji Sam Jones, ambapo zeze na ilimba vinakutana na sauti za kielektroniki. Kazi hizi haziwezi kudharauliwa. Zimekilinda Kigogo katika muziki kwa namna ambayo dansi haikukilinda Kizigua, na ukoo wa Zawose uliimba kwa kuitikiana tangu mwanzo. Hata hivyo, studio ina uwezo ambao uwanja wa ngoma hauna: humwezesha mwimbaji kujiitikia mwenyewe kwa kurudufu sauti yake, au kuitikiwa na mashine. Umbo hubaki, lakini uwezekano wa kujibiwa vibaya, kupingwa au kukatizwa na mtu mwingine huondoka. Na katika ngoma, uwezekano huo ndio uliomlazimu manju awe mwerevu.

Handeni na Korogwe hazijatoa jina la kimataifa la aina hiyo. Mkoa wao, hata hivyo, umetoa mfano ambao wahakiki wa muziki mchanganyiko hawauweki katika kundi hili, yaani Wagosi wa Kaya. Wanamuziki hawa wawili wa kufokafoka walijipa jina kwa lugha za bara la Tanga: mgosi ni mwanamume, kaya ni nyumbani. Ala zao hazina chochote cha jadi. Nyimbo zao, zikiwemo "Tanga Kunani" na "Wauguzi", ziliimbwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Tanga na kwa mtindo wa watu wawili wanaozungumza, mmoja akitoa kauli na mwenzake akiipokea, akiitilia chumvi au akiihoji. Mtu wa Korogwe aliyezisikia hakuhitaji kutafsiriwa utani uliomo. Alikuwa ndani ya mazungumzo. Kwa kipimo cha asili na ugeni, kazi hiyo haina alama hata moja. Kwa kipimo cha mwitikio, iko karibu na uwanja wa ngoma kuliko maonesho mengi yenye ngoma halisi jukwaani.

Inaweza kupingwa kwamba kipimo hiki kinawafunga wasanii nyumbani. Methali husema mcheza kwao hutunzwa, na msanii wa leo hawezi kuishi kwa tuzo za kwao pekee. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini halikivunji kipimo. Siti & the Band, katika albamu ya Fusing the Roots ya mwaka 2018, wanachanganya taarabu na jazz na kusafiri nayo, ilhali Kiswahili cha nyimbo zao kinaeleweka na Mzanzibari aliye barazani. Hadhira ya mbali si tatizo ilimradi hadhira ya karibu haijaondolewa. Inaweza pia kupingwa kwamba mwitikio wa ngoma haukuwa usawa: wazee waliamua, na jinsia moja ilizuiwa ngoma za nyingine. Ni kweli. Lakini kipimo hiki hakidai kwamba ngoma ilikuwa pepo. Kinadai tu kwamba ilikuwa na watu wawili pale ambapo rekodi inaweza kuwa na mmoja.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba katika ukanda wa Handeni na Korogwe mchanganyiko haukuanza pale mwanamuziki wa kisasa alipoamua kuunganisha ngoma na jazz. Ulianza kambini na kando ya reli, na kilichochanganywa kwa kina zaidi ni lugha. Kiswahili kiliwapa watu wasiojuana kibwagizo cha pamoja, na bila hicho dansi ya Tanga isingekuwapo. Wakati huo huo kiliachanisha lahani na toni, na kikawazoesha wasanii wa ukanda huo kuacha lugha zao mlangoni mwa ukumbi.

Kutokana na hayo, wahakiki wa Kiswahili wana wajibu wa pekee. Wao si mashahidi wa pembeni, kwa kuwa lugha wanayoitumikia ni mmoja wa wachanganyaji. Kusifu kuwapo kwa selo au mdumange katika wimbo bila kuuliza kama mtu mmoja wa Handeni anaweza kuujibu kwa Kizigua, au mmoja wa Korogwe kwa Kisambaa, ni kuhesabu ala na kuwasahau watu. Rekodi za nyimbo za Kizigua, za wazee wa Handeni na za jamaa zao wa Chogo, zinapaswa kukusanywa pamoja na toni zake kabla wanaozijua hawajatoweka, na zirudishwe kwanza kwao. Mwanamuziki atakayezichukua baadaye na kuzipeleka popote atakuwa na waitikiaji waliobaki nyumbani, ambao wataweza kumwambia, kwa lugha ya wimbo wenyewe, kama amepatia au amekosea.